Je, Wajua? Kamba ya Kuizunguka Dunia
Chukua kamba inayoizunguka Dunia kwenye ikweta, takriban kilomita 40,000. Iongeze mita 1 tu, kisha inyanyue sawasawa pande zote. Itaachana na ardhi kwa sentimita 16 hivi. Paka anapenya chini yake, popote ikwetani!

Ajabu zaidi: kamba ya kuzungushia mpira wa miguu ikiongezwa mita 1, nayo huinuka sentimita 16 zilezile. Ukubwa wa duara hauhusiki kabisa. Mita iliyoongezwa hugawanywa kwa 6.28, yaani mbili mara pai, basi.

Mbinu nyingine ya duara: unatafuta kitovu chake? Weka ncha ya kona ya daftari juu ya mzingo. Unganisha kwa mstari nukta mbili ambapo kingo za daftari zinakata duara: hicho ni kipenyo. Rudia kwingine. Vipenyo vinakatana kitovuni.