Kisu butu ndicho kinachotukata

Katika vijiji vyetu vya Handeni na Korogwe haipiti siku bila kushika kisu. Tunamenya muhogo, tunakata mchicha, tunakatakata vitunguu na nyanya. Kazi hii tumeizoea tangu utotoni. Kwa hiyo wengi hatufikirii kwamba nayo ina ufundi wake.

Lakini tazama vidole vyetu. Makovu ni mengi. Mtu akijikata wakati wa palizi, jembe halishikiki. Siku tatu, siku nne, kazi ya shamba imelala. Na kidonda kikiingia uchafu, mambo huwa makubwa zaidi.

KISU KIKALI AU KISU BUTU?

Watu husema, "Aa, kisu changu butu hiki, hakiwezi kunikata." Maneno hayo si kweli. Kisu butu hakiingii upesi, kwa hiyo unakikandamiza kwa nguvu. Ukikandamiza, kinateleza. Kikiteleza, kinaishia kwenye kidole pamoja na nguvu zako zote. Kisu kikali hakitaki nguvu. Kinakwenda pale unapokipeleka.

Basi tunoe visu vyetu. Chukua jiwe la kunolea, yaani kinoo. Lilaze juu ya kitambaa chenye unyevu ili lisicheze, kisha ulimwagie maji kidogo. Laza kisu juu ya jiwe, halafu inua mgongo wake kidogo tu, kama unene wa penseli. Kisukume, makali yakitangulia. Fanya mara 10 upande mmoja na mara 10 upande wa pili. Kijaribu kwenye nyanya, usikijaribu kwenye kidole. Kikipasua ngozi ya nyanya bila kuiponda, kimekolea.

KUMENYA MUHOGO

Wengi hushika muhogo mkononi na kuvuta kisu kuelekea kidole gumba. Hiyo ni hatari. Fanya hivi:

1. Osha muhogo, udongo utoke. Udongo huharibu makali ya kisu.

2. Weka muhogo juu ya ubao. Ukate vipande vyenye urefu wa kiganja.

3. Chana ganda kwa urefu. Ncha ya kisu iingie kiasi cha unene wa ganda tu.

4. Penyeza kisu chini ya ganda, ulinyanyue kidogo. Sasa weka kisu chini. Libandue ganda kwa kidole gumba huku ukizungusha kipande. Litatoka lote, la nje na la ndani.

Kazi inakwenda upesi, na muhogo haupotei pamoja na maganda. Tena kuna faida nyingine. Ganda la muhogo mchungu lina sumu nyingi. Ukilitoa lote umepunguza sumu. Hata hivyo, muhogo mchungu ukishamenywa bado lazima ulowekwe na kuanikwa vizuri ukauke, ndipo tupate makopa ya kula.

KUKATA MBOGA

Usikatie mboga mkononi. Tumia ubao, na chini yake weka kitambaa chenye unyevu ili usiteleze. Mkono unaoshika mboga ukunje vidole, ncha zielekee ndani, kama unashika yai. Bapa la kisu liguse vifundo vya vidole. Hivyo makali hayafiki kwenye ncha za vidole.

Kitunguu kipasue kwanza katikati. Kilaze upande uliokatwa uwe chini, hakitabingirika. Majani ya mboga yakunje kama unavyokunja mkeka, ndipo ukate.

Kisu kikianguka, kiache kianguke. Usikidake. Usikifiche ndani ya beseni la vyombo vichafu, mwenzio atakishika makali. Wala usikichomeke kwenye makuti juu ya jiko. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Sisi tunasema usimpe, na kisu kiweke mahali asipofikia.

UKIJIKATA

Osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Kibane kwa kitambaa safi, inua mkono juu mpaka damu ikome. Usipake udongo, jivu wala mafuta ya taa. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama. Ugonjwa huu hukaza taya na mwili mzima, nao huua. Kidonda kikiwa kimeingia ndani au kina uchafu, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Ulizia chanjo ya pepopunda. Usingoje mpaka taya zikaze.

Ndugu wasomaji, mambo haya si ya akina mama peke yao. Baba mwenye kinoo cha kunolea panga, akinoe na kisu cha jikoni.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini kisu butu ni hatari kuliko kisu kikali?

2. Nyumbani kwako kisu kinawekwa wapi? Je, mtoto anapafikia?

3. Watu wa kijiji chenu hupaka nini kwenye kidonda? Je, inafaa?