Kabla ya Kumpa Fundi Umeme Pesa Yako



Umeme wa sola umeingia katika nyumba nyingi za makazi yetu. Taa, simu, redio na mashine ya kunyolea vinautegemea. Vikiharibika tunamwita fundi. Mafundi wengi ni watu wa kweli, na wengine walijifunza kazi hapa hapa kambini. Lakini wapo wanaojiita mafundi ili wale pesa ya watu. Karatasi hii inaeleza namna wanavyofanya na namna ya kujikinga. Asiyejua kusoma asomewe na jirani.

ANGALIA MWENYEWE KWANZA

Tuseme taa zako zilikuwa zinawaka hadi saa 4 usiku, sasa zinazimika saa 2. Tapeli atatazama kidogo na kusema: "Betri imekufa, nipe pesa nikuletee nyingine." Usikubali haraka. Mambo manne huleta hali hiyo, na matatu hayahitaji betri mpya.

La kwanza ni paneli chafu, au mti ulioota na kuitilia kivuli. Ifute kwa maji na kitambaa laini asubuhi kabla haijapata joto. Hata kivuli cha sehemu ndogo ya paneli hupunguza sana umeme.

La pili ni waya uliolegea, au unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri. Unga huo huunguza ngozi na macho, usiuguse kwa mkono mtupu. Kwanza ondoa waya, safisha, kisha ukaze vizuri.

La tatu ni matumizi kuzidi. Betri ya volti 12 yenye Ah 18 huweka kama wati-saa 216, na ili idumu utumie nusu tu, yaani 108. Taa 3 za wati 3 kwa saa 5 hula 45. Kuchaji simu 2 hula kama 30. Jumla ni 75, betri inatosha. Ukiongeza televisheni ya wati 30 kwa saa 4, hiyo peke yake inakula 120. Hapo hata betri mpya itazimika mapema.

La nne ndilo betri kuchoka kweli.

MWAMBIE FUNDI APIME UKIONA

Fundi wa kweli ana mita ya kupimia, ile yenye waya mwekundu na mweusi. Asiye na mita anabahatisha kwa pesa yako. Kwa betri za kawaida za volti 12, zile nzito za risasi, mwombe apime mambo haya matatu mbele yako:

1. Paneli peke yake, ikiwa imeondolewa kwenye waya, juani saa 6 mchana. Kwa mfumo wa volti 12, mita isome kati ya 17 na 22 hivi.

2. Betri ikiwa imeunganishwa na paneli wakati wa jua kali. Mita ipande kupita 13. Isipopanda, na paneli ni nzima, huenda waya au kontrola ndiyo mbovu. Lakini betri iliyoisha sana huchelewa kupanda, basi ipewe siku nzima ya jua kabla ya kupima tena.

3. Betri peke yake, baada ya siku nzima ya jua na kupumzika saa 1 au zaidi bila kutumiwa. Iliyojaa husoma kama 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12, na vipimo viwili vya kwanza vilikuwa vizuri, basi betri imechoka.

Andika namba hizo. Fundi wa pili akija, mwonyeshe.

Visanduku vidogo vya kisasa vyenye betri ya lithiamu visifunguliwe ovyo. Huweza kushika moto. Kama ulikinunua kwa mkopo na bado unalipa, mrudie wakala wa kampuni. Anayesema atakifungua ili usilipe tena anakutia hasara mara mbili: garantii inapotea na deni linabaki.

HILA ZINAZOTUMIKA

Kubadilisha kifaa. Betri nzima inachukuliwa "kutengenezwa", inarudi ya zamani yenye sura hiyo hiyo. Kabla haijatoka nyumbani, andika namba iliyo juu yake na uweke alama ya rangi mahali pa siri. Kifaa chochote cha zamani kilichotolewa ni chako, udai urudishiwe.

Waya wa uongo. Kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa nje. Kwaruza kwa kisu: ukiona rangi nyeupe ndani, si shaba tupu. Huo hupata moto na kukatika upesi, na bei yake haipaswi kuwa ya shaba.

Paneli ya jina. Imeandikwa wati 100, lakini ni ndogo kama sinia. Paneli ya kweli ya wati 100 ina urefu wa karibu mita 1 na upana wa nusu mita au zaidi.

Kuondoa fyuzi. Fyuzi inaungua, "fundi" anaweka kipande cha waya mahali pake. Taa zinawaka, unamsifu. Siku waya zikigusana hakuna cha kuzuia moto, na nyumba ya maturubai huungua kwa dakika chache. Mwenye kufanya hivyo asirudi kwako.

Kuunganisha kwa wizi kwenye laini ya jirani, jenereta au nguzo. Umeme wa volti 240 unaua. Na ukikamatwa, wewe mwenye nyumba utaulizwa, fundi hayupo.

Kujifanya mtu wa kampuni. Uganda, usambazaji wa umeme wa taifa ulitoka kwa kampuni ya Umeme kwenda UEDCL tarehe 1 Aprili 2025. Mabadiliko kama hayo huwapa matapeli neno la kusema: "Mita yako isajiliwe upya, toa pesa." Usilipe mtu mlangoni. Uliza ofisini. Kazi ya kufunga nyaya za laini hiyo ni ya fundi mwenye kibali cha ERA. Mwambie akuonyeshe.

MAPATANO YA PESA

Uliza mafundi wawili au watatu kabla ya kuchagua. Waulize majirani: kazi yake ya mwaka jana bado inafanya kazi?

Andikeni karatasi mbili, moja yako na moja yake: jina lake na mahali anapokaa, kazi gani, vifaa gani, bei ya vifaa, bei ya ufundi, siku ya kumaliza, na muda atakaorudi bure kazi ikiharibika. Kiongozi wa mtaa au jirani atie sahihi kama shahidi.

Vifaa nenda mnunue pamoja dukani, ulipe wewe, risiti ibaki kwako. Pesa ya ufundi usitoe yote mwanzoni. Toa sehemu, iliyobaki ulipe baada ya taa kuwaka usiku mbili mfululizo. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kutuma. Namba ya siri usimpe mtu.

Kadi ya chakula na kitambulisho cha mkimbizi havikai rehani kwa fundi hata siku moja. Ukivipoteza, familia nzima inaweza kukosa huduma. Na mfanyakazi wa shirika akikuomba pesa ili akuletee taa ya msaada, toa habari. Msaada hauuzwi.

UKIWA UMETAPELIWA

Usimpige mtu wala kumnyang'anya vyombo vyake. Chukua karatasi, risiti na ujumbe wa simu, uende kwa kiongozi wa mtaa (RWC). Isipomalizika hapo, nenda polisi au dawati la ulinzi. Usione haya. Ukinyamaza, kesho atakuwa kwa jirani yako.

KUMBUKA: Fundi mwaminifu hachukii kuulizwa, kuandikiwa wala kupimishwa. Anayekasirika kwa kuombwa karatasi, mwache aende.