Tundu la Sauti katika Gari Kuukuu

Kabimba, mji wa kiwanda cha saruji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kalemie, ni mahali ambapo vumbi na mitikisiko ya barabara hulichosha gari kuukuu, na miongoni mwa vitu vinavyoathirika mapema ni tundu la sauti, yaani kitundu cha milimita 3.5 kinachochomekwa waya wa simu ili muziki usikike kwenye spika.

Ndani yake mna vibamba vyembamba vya chuma vinavyobana pini yenye sehemu tatu: ncha hupitisha sauti ya kushoto, pete ya kati hupitisha ya kulia, na shina ni njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Kibamba kikilegea au kikishika kutu, upande mmoja hunyamaza. Shina lisipogusa vizuri, sauti ya mwimbaji hufifia huku ala zikiendelea kusikika.

Fundi makini hujaribu kwanza waya mwingine na simu nyingine, kwa kuwa mara nyingi kosa halimo ndani ya gari. Kisha huchomoa waya hasi wa betri, husafisha tundu kwa spiriti na kuliacha likauke. Tatizo likibaki, hufungua redio na kukagua lehemu, yaani madini yaliyoyeyushwa kuunganishia miguu ya tundu, kwani ufa mwembamba kama unywele hutosha kukata sauti, na kuulehemu upya ni nafuu kuliko kununua redio nyingine.