Ukiumia au ukiugua, mshahara wako unalindwa na nani?

Wiki ya kwanza baada ya ajali, wodi hujaa watu. Wafanyakazi wenza wa mgonjwa wanakuja na bahasha ya mchango, bosi anatuma salamu za pole, ndugu wanapokezana kulala hospitali. Ikifika mwezi wa tatu mambo huwa mengine. Mwenye nyumba anadai kodi, shule inadai ada, na mgonjwa bado anatembelea magongo. Michango imekwisha, wala hakuna wa kulaumiwa, maana kila mtu ana familia yake. Hapo ndipo watu wa nyumbani wanapoanza kuulizana: mshahara je?

Kwa mfanyakazi aliyeajiriwa Tanzania Bara, sheria imeweka kinga ya kipato kwa muda mfupi na kwa muda mrefu. Bahati mbaya kinga hizo hazipo sehemu moja. Kila moja ina mfuko wake, masharti yake na muda wake, na anayeanza kuzitafuta akiwa tayari kitandani mara nyingi huwa ameshachelewa.

Umeumia wapi?

Hilo ndilo swali la kwanza, na majibu mengine yote yanalitegemea. Aliyeumia akiwa kazini, au aliyepata ugonjwa uliotokana na kazi, anahudumiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Aliyepatwa na kiharusi usingizini au aliyeteleza bafuni kwake hana dai WCF; huyo anategemea likizo ya ugonjwa na mfuko wake wa hifadhi ya jamii. Watu wawili wanaweza kuvunjika mguu siku moja, mmoja kiwandani na mwingine nyumbani, wakalipwa tofauti kabisa.

WCF iliundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Kabla ya hapo ilitumika sheria iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ambayo fidia yake ya juu kabisa ilibaki kwenye shilingi laki moja hivi huku bei za vitu zikipanda miaka nenda rudi. Mtu aliyepoteza mikono yote miwili aliondoka na fedha ambazo familia ingezimaliza kabla vidonda havijakauka.

Mfuko wa sasa unaendeshwa kwa michango ya waajiri. Sekta binafsi ilianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara inayolipa. Kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022, sawa na sekta ya umma. Mfanyakazi hachangii hata senti. Kwa hiyo chukua slipu yako ya mshahara uipitie mstari kwa mstari. Kodi ya PAYE itakuwapo, mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, utakuwapo, pengine na ada ya chama cha wafanyakazi pamoja na rejesho la mkopo. Ukikuta na makato ya WCF, ujue mwajiri amekubebesha mzigo ambao sheria imempa yeye.

Asilimia 70, kisha kipimo

Tuchukue mfano wa fundi mashine katika kiwanda cha mbao anayelipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Msumeno umemjeruhi mkono na daktari amempa mapumziko. Gharama za matibabu ni za Mfuko. Kwa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, anastahili fidia ya ulemavu wa muda, ambayo ni asilimia 70 ya mshahara wake, yaani 560,000 kwa mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Kinachotazamwa ni kama ajali imetokana na kazi yake na imempata akiwa kazini.

Matibabu yakifika mwisho, ulemavu uliobaki unapimwa na kutajwa kwa asilimia. Kipimo hicho ndicho kitakachoamua kipato chake kwa miaka iliyobaki. Kikiwa asilimia 30 au chini, analipwa mkupuo mmoja. Kikizidi 30, analipwa pensheni ya kila mwezi. Aliyepoteza uwezo wote, kama mtu aliyepofuka macho yote mawili, anapimwa asilimia 100 na kupata ile asilimia 70 ya mshahara kila mwezi. Mwenye ulemavu wa asilimia 50 anapata nusu ya hapo. Kwa fundi wetu ni shilingi 280,000. Asiyeweza kula wala kuoga bila kusaidiwa huongezewa malipo ya msaidizi. Zipo pia huduma za utengamao, ambazo lengo lake ni kumrudisha mtu kazini au kumwezesha kufanya kazi nyingine.

Majirani zetu Kenya wamechagua njia tofauti. Chini ya sheria yao ya mwaka 2007, mwajiri hukata bima kwenye kampuni, na mfanyakazi aliyepata ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mkupuo wa mishahara ya miezi 96. Ni fedha nyingi kwa mara moja. Hata hivyo, kwa kijana wa miaka 28 ambaye hatafanya kazi tena, naona pensheni ya kila mwezi ina heri zaidi. Mkupuo huvutia wakopaji, hujenga nyumba isiyokwisha, na miaka minane hupita upesi.

Wapo pia wasioumizwa na chuma. Mponda kokoto anavuta vumbi la mawe mwaka hadi mwaka mpaka mapafu yanakakamaa. Anayefanya kazi karibu na jenereta anapoteza usikivu kidogo kidogo. Vumbi la mawe huleta dalili zinazofanana na za kifua kikuu, na daktari asiyeambiwa mgonjwa anafanya kazi gani hana sababu ya kufikiria jingine. Ukienda hospitali, taja kazi yako na miaka uliyoifanya, na hakikisha imeandikwa kwenye faili.

Ukiugua nje ya kazi

Sasa turudi kwa yule wa kiharusi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo analipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata analipwa nusu. Lazima awe na cheti cha daktari anayetambulika. Kwa mshahara wa 800,000, maana yake ni takriban miezi miwili ya mshahara wote, kisha miezi miwili ya 400,000 kwa mwezi. Siku ya 127 sheria hiyo haimdai mwajiri tena.

Kinachobaki ni pensheni ya ulemavu ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa mwanachama wa NSSF masharti ni mazito: awe amepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato, ithibitishwe na bodi ya madaktari, na awe amechangia miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo kati yake 12 iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kupata ulemavu. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Mwajiri akikata mchango kwenye mshahara bila kuupeleka, mfanyakazi anagundua pengo siku anapohitaji pensheni. Omba taarifa ya michango yako kila mwaka, ukiwa mzima.

Kuna kinga nyingine ambazo watu wanazo bila kujua. Waajiri wengine huwakatia wafanyakazi bima ya kundi yenye fao la ulemavu wa kudumu. Muulize ofisa rasilimali watu. Mikopo ya mishahara nayo mara nyingi huwa na bima inayolipa deni iwapo mkopaji atafariki au kupata ulemavu kamili wa kudumu. Soma mkataba wa mkopo na umwambie mwenzi wako ulipo. Ni dhuluma familia kuendelea kulipa deni ambalo bima ingelibeba.

Karatasi na tarehe

Haki hizi zote zinategemea taarifa. Ukiumia kazini, mwambie msimamizi siku hiyohiyo, kwa maandishi ikiwezekana, na utaje majina ya walioshuhudia. Mwajiri anatakiwa kuitaarifu WCF ndani ya siku saba tangu apate habari. Ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12, haki ya fidia inaweza kupotea. Bosi atakayekuambia "usiandike, tutamalizana wenyewe" anakuomba ubadilishe haki ya miaka mingi kwa hisani ya wiki mbili. Kataa kwa heshima, uandike.

Vibarua wanaonwa kama hawahusiki, na hapo ndipo uonevu ulipo mkubwa. Kijana anayepanda jukwaa la ghorofa ya tano kwa malipo ya siku anaweza kuanguka sawasawa na mwenye mkataba. Mwajiri kutojisajili WCF ni kosa la mwajiri, na aliyeumia asikubali kurudishwa nyumbani na nauli tu. Dereva wa bodaboda na mama lishe, ambao hawana mwajiri, wanaweza kujiunga NSSF kwa hiari. Ni kinga ndogo, lakini bora kuliko kutegemea bahasha za mchango.

Vyama vya wafanyakazi vina wajibu hapa. Mikutano isiishie kwenye nyongeza ya mshahara. Kila tawi lifundishe wanachama wake namna ya kuripoti ajali na kusoma taarifa ya michango. Nawe msomaji, kabla wiki ijayo haijaisha, fanya mambo matatu: thibitisha kwamba mwajiri wako amesajiliwa WCF, omba taarifa yako ya NSSF au PSSSF, na mwonyeshe mtu mmoja nyumbani mahali karatasi hizo zilipo.