Dakika ya sita: Alex Morgan hakumwacha mwenzake apambane peke yake

OKTOBA 6, 2021, ligi kuu ya soka la wanawake Marekani, NWSL, ilikuwa na mechi tatu usiku mmoja. Katika zote tatu, dakika ya sita ilipofika mpira ulisimama. Hakuna aliyeumia wala aliyeoneshwa kadi. Wachezaji wa timu zote, wenyeji na wageni, waliacha mpira, wakatembea taratibu hadi duara la kati, wakashikana mikono na kusimama kimya.

Kwa nini dakika ya sita? Kwa sababu miaka sita ilikuwa imepita tangu mchezaji mmoja, kiungo Mana Shim, aripoti kwa viongozi wake kwamba kocha alikuwa anamnyanyasa kingono. Miaka sita bila umma kujua kitu, na kocha yule yule akaendelea kupewa timu na kunyanyua makombe.

Stori hii imeandikwa sana kama stori ya kocha. Leo tuiangalie kwa upande mwingine, upande wa mchezaji mwenzake aliyekuwa kwenye chumba kile kile cha kubadilishia nguo. Staa mkubwa, bingwa wa dunia, ambaye angeweza kusema “hayo hayanihusu” na kuendelea na mabao yake. Anaitwa Alex Morgan.

KOCHA MWENYE JINA

Mwaka 2014 Portland Thorns ilimpa timu Paul Riley, Mwingereza aliyejijengea jina kubwa katika soka la wanawake Marekani. Kabla ya hapo alikuwa Philadelphia Independence, na kule alimfundisha kiungo mwingine, Sinead Farrelly. Farrelly naye akatua Portland, akaungana na Shim na Morgan.

Miaka saba baadaye, Septemba 30, 2021, tovuti ya The Athletic ilichapisha simulizi za Shim na Farrelly. Farrelly alidai matatizo yake na kocha huyo yalianza tangu Philadelphia mwaka 2011. Shim alidai Riley alikuwa akimtumia meseji zisizofaa, kwamba aliwahi kumwita chumbani hotelini kwa kisingizio cha kuangalia video za mechi na kumpokea akiwa na nguo ya ndani, na kwamba alipomkatalia, muda wake wa kucheza ukapungua. Wote wawili walidai pia kuwa usiku mmoja kocha huyo aliwashinikiza wabusiane mbele yake ili timu ipunguziwe mazoezi ya kukimbia.

Riley alikanusha sehemu kubwa ya madai hayo. Klabu yake ya wakati huo, North Carolina Courage, ilimfukuza siku hiyo hiyo.

Shabiki wa kawaida anajiuliza: mchezaji wa kulipwa, mtu mzima, kwa nini hakuondoka tu? Jibu linaanzia mfukoni. Msimu wa 2015 kima cha chini cha mshahara NWSL kilikuwa dola 6,842 kwa msimu mzima. Mshahara wenyewe kiduchu, na kocha ndiye anayeamua nani anaanza, nani anakaa benchi na nani anauzwa. Juu ya hapo, ligi iliyotangulia ilikufa mwaka 2012, hivyo wachezaji waliishi na hofu kwamba skendo moja tu ingeua na hii iliyobaki. Ukisema, unaweza kupoteza namba na kuwapotezea wenzako ajira. Ukinyamaza, unakufa kimya kimya.

Ndivyo ilivyo hata kwenye ofisi zetu, viwandani, hotelini na madukani. Bosi anayeshika ratiba ya zamu, mkataba na posho ndiye huyo huyo anayetuma meseji saa sita usiku. Kumwambia dada wa watu “si uache kazi” ni rahisi sana kwa mtu ambaye kodi ya nyumba ile haimhusu.

MORGAN ALIFANYA NINI?

Mwaka 2015 Morgan alikuwa kwenye kilele. Julai mwaka huo Marekani ilibeba Kombe la Dunia, naye alikuwa straika tegemeo. Shim alipomfungulia moyo, alikuwa na mengi ya kupoteza na hakuwa na faida yoyote ya kupata.

Cha kwanza, alimsikiliza na kumwamini. Hakumuuliza alikuwa amevaa nini wala alifuata nini hotelini. Cha pili, alimsaidia kutafuta mlango wa kugonga. Hapo ndipo walipogundua kwamba hapakuwa na mlango. Morgan ameeleza baadaye kuwa ligi wakati huo haikuwa na kanuni za kuzuia unyanyasaji, wala njia ya mchezaji kutoa taarifa bila kutaja jina lake. Wachezaji hawakujua waanzie wapi.

Hata hivyo, Septemba 2015 Shim aliandika malalamiko yake na kuyafikisha kwa viongozi wa Thorns. Aliyaandika mwenyewe, kwa maneno yake. Morgan alikuwa pembeni yake, na hakumpokonya usukani.

Klabu ilifanya uchunguzi wa muda mfupi, ikaachana na Riley. Lakini tangazo kwa umma lilisema tu kwamba mkataba wake hautaongezwa. Hakuna aliyeambiwa sababu, na kocha akashukuriwa kwa utumishi wake. Miezi michache baadaye akapata kazi Western New York Flash na kuipa ubingwa wa 2016. Timu hiyo ilipohamia North Carolina na kuitwa Courage, akabeba tena ubingwa 2018 na 2019.

Fikiria uko kwenye nafasi ya Shim. Umesema ukweli wako. Unawasha televisheni, unamuona mtu yule yule ananyanyua kombe, na wachezaji wapya wako chini yake bila kujua chochote.

MIAKA SITA BAADAYE

Wengi wetu tunapokosea ni hapa. Rafiki akipeleka malalamiko ofisini tunampongeza wiki ya kwanza. Wiki ya tatu tumeshasahau, na mwezi wa tatu tunaanza kumuona msumbufu anayeharibu hali ya hewa kazini. Morgan aliondoka Portland mwaka ule ule wa 2015, akaenda Orlando Pride. Kisingizio cha kusahau alikuwa nacho.

Hakukitumia. Aliendelea kuwa karibu na suala hilo, na alikuwa mstari wa mbele wachezaji walipoishinikiza ligi mpaka mwaka 2021 ikapata kanuni za kupambana na unyanyasaji. Mwaka huo huo Shim na Farrelly waliiandikia ligi wakiomba suala la Riley lifunguliwe upya. Kamishna, Lisa Baird, akajibu kwamba malalamiko ya 2015 yalishachunguzwa na kufungwa.

Stori ilipotoka Septemba 30, Morgan alizianika barua pepe hizo mtandaoni. Hapo ligi ikakosa pa kujificha. Kesho yake Baird alijiuzulu na mechi za wikiendi zikaahirishwa. Siku chache baadaye, Shim na Farrelly walipokwenda kuhojiwa kwenye televisheni, Morgan alikaa nao kwenye viti.

Halafu ikaja dakika ya sita.

Mashabiki nao hawakubaki nyuma. Kule Portland vikundi vya ushangiliaji viligoma kununua vyakula, vinywaji na jezi uwanjani, vikitaka viongozi wawajibike. Waliendelea kuipenda timu, ila mkwanja wao waliukalia. Nguvu hiyo shabiki yeyote anayo, hata wa Kariakoo.

RIPOTI NA HUKUMU

Oktoba 3, 2022 ilitoka ripoti ya Sally Yates, aliyewahi kukaimu uwanasheria mkuu wa Marekani. Timu yake ilihoji watu zaidi ya 200. Alichokuta ni kwamba Riley hakuwa peke yake. Unyanyasaji wa wachezaji ulikuwa umeota mizizi katika ligi, na viongozi wengi walikuwa na taarifa ila hawakuzifanyia kazi wala hawakuwaambia wenzao.

Wiki hiyo hiyo Thorns iliwatimua vigogo wawili. Januari 2023 ligi ikamfungia Riley maisha pamoja na makocha wengine watatu. Mmiliki wa Thorns aliiuza klabu, biashara ikakamilika mwanzoni mwa 2024. Na Februari 2025 ligi ilikubali kutenga dola milioni 5 kwa ajili ya wachezaji waliodhurika.

Shim aliteuliwa na shirikisho la soka la Marekani kuongoza kikosi kazi cha usalama wa wachezaji. Farrelly, aliyekuwa ametundika daluga kwa miaka mingi, alirudi uwanjani 2023 akiwa na Gotham. Akacheza Kombe la Dunia na Ireland mwaka huo, kisha akamaliza msimu na medali ya ubingwa wa NWSL.

Hispania ilikuwa na kesi yake. Agosti 2023 rais wa shirikisho, Luis Rubiales, alimbusu Jenni Hermoso mdomoni baada ya fainali ya Kombe la Dunia. Hermoso alisema hakuridhia. Wachezaji 81, wakiwemo mabingwa wote 23 waliokuwa Australia, walisaini tamko kwamba hawaichezei timu ya taifa mpaka uongozi ubadilike. Mwezi uliofuata Rubiales akajiuzulu, na Februari 2025 mahakama ikamtia hatiani na kumpiga faini ya euro 10,800.

Kesi zote mbili zina kitu kimoja kinachofanana. Aliyeumizwa alisema, na wenzake hawakukaa pembeni kusubiri upepo upite.

WEWE NA MWENZAKO WA KAZINI

Sasa turudi nyumbani. Huenda wewe unayesoma hapa si mchezaji. Ni fundi, mhudumu, karani au mwalimu, na kuna mfanyakazi mwenzako unayeona kabisa kuwa bosi anamsumbua. Akiitwa ofisini peke yake anatoka macho chini. Zamani mlikuwa mnabishana naye habari za Simba na Yanga, siku hizi kimya. Ufanye nini?

Mfuate faragha, si mbele ya watu. Mwambie ulichokiona na kwamba uko upande wake. Akisema, msikilize mpaka mwisho. Akikataa kusema, usimlazimishe, ila ajue mlango uko wazi.

Mshauri atunze ushahidi. Meseji asifute. Aandike tarehe, saa, mahali, kilichosemwa na nani alikuwepo. Wewe pia andika ulichokiona kwa macho yako, kwa sababu siku ya siku unaweza kuwa shahidi, na shahidi mwenye tarehe ana uzito kuliko mwenye “nadhani”.

Usimwache peke yake na huyo bosi kama unaweza. Ukisikia ameitwa, tafuta sababu ya kupita pale. Mkitoka kazini usiku, tokeni pamoja.

Uamuzi wa kuripoti ni wake. Usikimbilie kumkabili bosi kwa hasira, wala usipeleke stori kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Utajiona shujaa, yeye ndiye atakayeadhibiwa.

Akiamua kuripoti, nenda naye. Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi, na ubaguzi umekatazwa. Kama bosi anataka mwili ili atoe ajira, cheo au haki nyingine, hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU inapokea taarifa kwa namba 113. Chama cha wafanyakazi na dawati la jinsia polisi ni milango mingine.

Na baada ya kuripoti, baki. Kula naye chakula cha mchana pale wengine wanapoanza kumkwepa. Muulize baada ya mwezi, na baada ya mwaka. Bosi akihamishwa kimya kimya kwenda tawi jingine, jiulize nani yuko kule na kama anajua. Portland walidhani tatizo limekwisha kwa sababu limeondoka kwao, kumbe walilipeleka kwa wengine.

Usijidanganye kwamba ni lazima uwe staa kama Morgan. Jina lake lilisaidia kusukuma mlango, ni kweli. Lakini usiku ule wa Oktoba, kwenye duara la kati, walisimama pia wachezaji ambao majina yao huyajui wala mimi siyakumbuki. 

Shim alipoanza mwaka 2015 alihitaji mtu mmoja tu wa kumwambia “nakuamini, twende”. Yawezekana kazini kwako kuna anayesubiri kuambiwa hivyo leo.