Kutoka Shambani hadi Sufuria ya Shule: Nani Afanye Nini?

Pita asubuhi kwenye kona yoyote ya Kayole, Umoja au Dandora, utamkuta mama mboga akipanga bidhaa zake. Nyanya pengine zimetoka Kirinyaga, viazi Nyandarua, na ndengu za duka la jirani zimetoka Kitui zikapitia Nyamakima. Kila mkono uliozishika umechukua chake. Mkulima analia kwamba bei ni ya chini, na mama wa Kayole analia kwamba bei ni ya juu. Wote wawili wanasema kweli.

Ndiyo maana vikundi vingi vya mitaani huuliza: Je, hatuwezi kununua moja kwa moja kwa wakulima? Tunaweza, lakini si kwa kumlaani broka tu. Broka ana gari, tena analipa taslimu pale pale shambani. Anayetaka kushika nafasi yake lazima awe na hayo mawili.

Kila mtu na kazi yake

Shirika lisilotafuta faida, au kikundi cha parokia, lina kazi ya kuwakutanisha watu: wakulima wakusanye mazao yao mahali pamoja, na wanunuzi wajulikane mapema. Mfanyabiashara analeta gari, ghala, mizani na pesa za kulipa. Mnunuzi, yaani shule au hoteli, anatoa ahadi ya kiasi atakachochukua kila wiki. Mmoja akifanya kazi ya mwenzake, mambo huharibika.

Tutazame mifano. Food4Education, shirika lililoanzishwa na Wawira Njiru, lilianza mwaka 2012 huko Ruiru kwa kulisha watoto 25. Mwaka 2023 lilishirikiana na Kaunti ya Nairobi katika mpango wa Dishi na County, na sasa hupikia zaidi ya watoto 100,000 jijini kila siku ya shule. Mpango ulipoanza, mzazi alichangia shilingi 5 kwa sahani. Jiko kubwa kama hilo linajua litahitaji mchele na maharagwe kiasi gani, na hiyo ndiyo habari mkulima anayoitaka kabla ya kupanda.

Mfano mwingine ni mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009 wa kulisha shule kwa chakula cha humu nchini. Pesa zilitumwa kwenye akaunti ya shule, na kamati ikanunua chakula karibu. Wazo zuri kabisa! Lakini pesa zikichelewa, sufuria nayo hulala baridi.

Mambo matatu ya kuandika

Kwanza, kilo. Usinunue kwa gunia la kukisia. Tuseme mmekubaliana shilingi 2,000 kwa gunia la viazi. Likiwa na kilo 50, mkulima anapata shilingi 40 kwa kilo. Likiwa ni lumbesa la kilo 80, anapata shilingi 25 tu. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Basi mizani iwepo, na mkulima aione.

Pili, siku ya malipo. Shule hungoja karo, lakini mkulima ana mtoto wake wa kumsomesha. Mkimwambia "njoo mwezi ujao", msimu unaofuata atamwuzia broka, na hatakuwa amekosea. Kabla ya kuanza, tengeni pesa za kumlipa mkulima hata kama mnunuzi atachelewa.

Tatu, ubora, na nani atabeba hasara. Mahindi yasiyokauka huota kuvu wenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, sumu hiyo iliua watu 125 sehemu za Ukambani. Nafaka ya kuweka ghalani isizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama hamna kipimo, tieni mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, mtikise, kisha mwache kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Andikeni pia: gari likikwama njiani na nyanya zikaoza, nani analipa?

Anzeni na kidogo

Ushauri wetu ni huu: shule moja, zao moja, muhula mmoja. Anzeni na maharagwe au ndengu, maana hazitaoza mkichelewa siku mbili. Sukuma wiki ingoje mpaka gari lizoee njia. Mwisho wa muhula, ketini pamoja na wakulima, mfungue kitabu cha hesabu mbele ya wote, kisha ndipo mwongeze zao la pili.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tunaongeza: kibaba chenyewe kiwe cha haki.