Kuganda, Kusuasua na Kukawia: Istilahi za Mashine za Michezo ya Video

Miezi michache iliyopita mfasiri mmoja aliyeifanya kazi hii kwa miaka mingi alitujia ofisini na kurasa kumi na mbili zilizopigwa chapa. Yalikuwa maelezo ya mpenzi mkubwa wa michezo ya video, yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi wake alieleza vyombo alivyoviunganisha ili kujiundia kompyuta ya kuchezea, jinsi ya kutafuta hitilafu, na maoni yake kuhusu mchezo upi unastahili kuitwa mchezo na upi ni mapambo matupu. Mfasiri alitaka tumkagulie istilahi. Lakini kabla hatujafunua ukurasa wa kwanza alitueleza kilichomleta. Mpwa wake aliisoma rasimu, akakuta humo sentensi isemayo kwamba mchezo ukikwama basi kadi ya picha imezidiwa, na dawa yake ni kuweka iliyo kubwa zaidi. Mchezo wa kijana ulikuwa ukikwama. Akakusanya akiba yake ya miezi saba, akauza na simu, akanunua kadi, akaifunga. Mchezo ukaendelea kukwama kama jana.

Tuliisoma sentensi ile mara kadhaa bila kuona kosa. Sarufi yake ilikuwa safi na kila neno lilikuwa Kiswahili fasaha. Tulipoilinganisha na matini ya asili ndipo tulipotambua kwamba mwandishi alikuwa ametumia vitenzi vitatu mbalimbali kwa hitilafu tatu mbalimbali, naye mfasiri wetu, kwa kutaka mtiririko mzuri, alikuwa ameviweka vyote chini ya kivuli cha kitenzi kimoja, kukwama. Wala tusidhani kwamba Kiingereza kimesalimika: wachezaji wa huko nao hulitumia neno moja la mtaani kwa uzito wa mashine na kwa umbali wa mtandao, kisha wakabishana usiku kucha kumbe kila mmoja anasemea jambo jingine.

Katika makala haya tutajaribu kuzitenga hitilafu hizo tatu na kupendekeza jina la kila moja. Hapana budi tuanze na mashine yenyewe, kwani istilahi isiyofuata utendaji wa kitu haiwezi kukaa.

Mashine ya michezo, iwe kompyuta iliyoundwa na mchezaji mwenyewe au ile iuzwayo tayari kama PlayStation, ina kazi moja isiyokoma, nayo ni kuchora. Skrini ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kila sekunde; ndiyo kusema kila picha imepewa milisekunde zipatazo 17 tu, yaani sehemu 17 kati ya elfu moja za sekunde. Katika muda huo prosesa hukokotoa yaliyotokea: mpira umekwenda wapi, golikipa ameruka upande gani, ukuta upi umeanguka. Kisha kadi ya picha huyachora. Kadi isipomaliza kwa wakati, skrini huirudia picha ya zamani, na jicho huona mwendo wa kushtukashtuka. Mashine haijasimama, inajikongoja. Hali hii tunapendekeza iitwe kusuasua, kitenzi ambacho msomaji amekwisha kukisikia kwa gari lililobeba mzigo mkubwa mlimani. Hapa ndipo kadi kubwa zaidi yaweza kufaa, na hapa peke yake.

Hitilafu ya pili ni ile ambayo picha husimama kabisa, sauti hukatika au hurudia mlio mmoja, na vitufe havijibu. Hii ni kuganda. Hatukuhitaji kuunda neno, maana kila mwenye simu hulisema. Vijana wengine husema mashine "imestaki", na tuliwahi kupokea rasimu ambamo msahihishaji, kwa bidii yake, alikuwa ameigeuza kuwa "imeshtaki", mahakama ikakosa kutajwa tu. Kuganda husababishwa na programu yenye kasoro, kumbukumbu mbovu, joto, au umeme usiotosha. Kadi mpya haiponyi. Tena ikila umeme mwingi kuliko ile ya kwanza, yaweza kuongeza maradhi.

Hitilafu ya tatu ndiyo iliyokuwa ya yule kijana, nayo inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Mchezo unaochezwa na watu walio mbalimbali duniani huongozwa na kompyuta kuu iliyo mahali fulani, na kila mchezaji hupeleka huko habari za vitendo vyake na kurudishiwa za wenzake. Tuseme kompyuta hiyo iko London. Kutoka Dar es Salaam hadi huko ni kilomita 7,500 hivi kwa mstari ulionyoka. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 75, na nyaya zilizolazwa chini ya bahari hazinyooki hata kidogo. Kabla ya mwaka 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika pwani yetu, hali ilikuwa mbaya zaidi. Mawasiliano mengi yalipitia setilaiti zilizo kilomita zipatazo 36,000 juu yetu, na ujumbe mmoja na jibu lake vilihitaji karibu nusu ya sekunde angani tu. Anayecheza mpira kwa nusu ya sekunde hiyo amekwisha kufungwa.

Kuchelewa huku hakutokani na mashine ya mchezaji. Kadi yake yaweza kuwa bora kuliko zote mjini na bado amlenge mpinzani mahali alipokuwa, si mahali alipo. Tunapendekeza kitenzi kukawia, na nomino yake iwe ukawio, ambao hupimwa kwa milisekunde. Wapo watakaouliza kwa nini tusiseme kuchelewa, neno ambalo hata mtoto analijua. Jibu letu ni kwamba kuchelewa kumekwisha kushika kazi nyingi mno, na mfasiri atajikuta akiandika "kuchelewa kwa mtandao" katika kila mstari ili asieleweke vibaya. Hata hivyo, katika kitabu cha wanafunzi wa darasa la awali hatutamlaumu atakayesema hivyo.

Sasa mchezaji atazitambua vipi? Mwandishi wa zile kurasa alitoa majaribio ambayo tuliyapenda kwa sababu hayahitaji fedha. Kwanza, cheza mchezo usiotumia mtandao. Ukienda vizuri, shaka iondolewe kwenye kadi na kupelekwa kwenye mtandao. Pili, tazama wachezaji wengine: picha zako zikiwa laini huku wao wakirukaruka kutoka mahali hadi mahali kama majini, huo ni ukawio. Tatu, punguza ukubwa wa picha katika mpangilio wa mchezo. Mwendo ukitengenea, kadi ndiyo iliyolemewa. Usipobadilika, huenda mwenye kulemewa ni prosesa, na mnunuzi wa kadi atakuwa amenunua pambo. Jaribio la kwanza lingemchukua yule kijana dakika tano. Katika rasimu lilikuwapo, ila lilianza kwa maneno "ili kujua kama ni kukwama au ni kukwama", na kijana, kwa haki kabisa, aliliruka.

Kuna kusuasua kwa namna nyingine, kunakoanza baada ya robo saa ya kucheza wakati mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Hilo ni joto. Prosesa nyingi za siku hizi zikifikia karibu nyuzi 100 za Sentigredi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Dawa aghalabu ni brashi ndogo ya kuondoa vumbi kwenye feni. Tumesema feni. Katika kikao chetu mzee mmoja alilitetea kwa nguvu neno pangaboi, nalo ni neno letu la siku nyingi. Lakini mafundi wote tuliowauliza walicheka, wakasema pangaboi liko darini. Tuliona wana haki.

Joto hilo lilitupeleka kwenye tatizo la istilahi ambalo hatukulitazamia. Mashine ya Xbox 360, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005, ilipata sifa mbaya kwa kufa ghafla na kuwasha taa tatu nyekundu mbele. Mwezi Julai 2007 kampuni ya Microsoft iliongeza muda wa dhamana kwa hitilafu hiyo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili hiyo. Ilikuja kuelezwa kwamba viungo vidogo ndani ya mashine vilikuwa vikikatika kwa kupashwa joto na kupoa mara kwa mara. Wachezaji wengine waliifunika mashine kwa taulo ili ijipashe joto na viungo vishikane tena. Ilifufuka kwa siku chache, kisha ikafa moja kwa moja. Mwandishi wetu, katika kulisimulia hilo, aliingia katika mjadala wa siku nyingi kuhusu madini ya kuungia nyaya, yale yenye risasi na yale yasiyo nayo, kwani kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Julai 2006 zilizuia kwa kiasi kikubwa matumizi ya risasi katika vyombo vya elektroniki.

Fundi wa redio mtaani huyaita madini hayo ya kuungia risasi. Kwa hiyo mfasiri, akifuata lugha hai kama tunavyomhimiza siku zote, alikuwa ameandika "risasi isiyo na risasi". Msomaji yeyote angedhani bunduki imeishiwa. Hapa lugha ya fundi haitoshi, na kamusi inatuokoa: neno lehemu limo, pamoja na kitenzi chake kulehemu. Tukiandika lehemu isiyo na risasi, mkanganyiko umekwisha. Tungependa walimu wa shule za ufundi walizoeshe neno hili, ijapokuwa tunajua kwamba dukani mtu ataendelea kuomba risasi na muuzaji hatamwita polisi.

Kuhusu kumbukumbu na hifadhi hatutakawia. Kumbukumbu ni mahali pa kufanyia kazi, na yaliyomo hufutika umeme ukizimwa. Hifadhi ni ghala, na yaliyomo hubaki. Zote mbili hupimwa kwa gigabaiti, na wauzaji huziita zote "memori". Mfasiri asiwafuate.

Maoni ya mwandishi yule yalitupa taabu ya aina nyingine, kwani maoni hayatafsiriki kwa istilahi peke yake. Alishikilia, kwa mfano, kwamba picha 30 kwa sekunde zinazokuja kwa mpangilio ni bora kuliko 60 zinazokuja ovyo. Jambo hilo laonekana kinyume na hesabu, ila ni kweli kwa jicho: picha moja ikija baada ya milisekunde 16 na inayofuata baada ya 50, wastani waweza kupendeza na mwendo usipendeze. Tumechagua neno uthabiti kwa mpangilio huo. Kwa picha zenyewe tumebaki na picha. Wengi hupendelea fremu, na tunakiri kwamba ni neno la ufundi wa sinema lenye heshima yake. Lakini kwa mkazi wa mjini leo fremu ni chumba cha duka, na fremu 60 kwa sekunde ni kodi isiyolipika.

Tulipofika sehemu ya vifaa vya mkononi tulifunga vitabu, tukaenda kwenye kibanda cha gemu kilicho nyuma ya soko, mahali ambapo vijana hulipa kwa mechi. Huko kifaa cha kuchezea ni padi, na kile kinachosukumwa kwa kidole gumba ni kijiti. Tumeyachukua yote mawili. Ndani ya kijiti cha kawaida mna utepe wa kaboni unaosuguliwa kila kinapoguswa. Ukichakaa, mchezaji wa kwenye skrini huanza kutembea bila kuagizwa. Vipo vijiti vinavyotumia sumaku pasipo kusuguana, na si uvumbuzi wa jana, kwa kuwa padi ya Sega Dreamcast ya mwaka 1998 ilikuwa navyo. Mwandishi wetu alitumia ukurasa mzima kulalamika kwamba viwanda viliuacha ufundi huo, na kwa mara ya kwanza tulijikuta tunakubaliana naye bila kupima istilahi.

Ila jina la hitilafu yenyewe bado halijapatikana. Sisi tulipendekeza kutambaa: kijiti kinatambaa. Mwenye kibanda alitikisa kichwa. Kwake, alisema, padi ya namna hiyo ina shetani, na wateja wote huelewa mara moja na kuomba nyingine. Mfasiri ameandika kutambaa katika nakala yake ya mwisho, pamoja na kuganda, kusuasua na kukawia, na kwa shetani ameacha nafasi pembeni mwa ukurasa hadi tutakapokutana tena. Mpwa wake amekwisha kuiuza ile kadi, kwa hasara, kwa mtu ambaye mchezo wake ulikuwa unasuasua kweli.